Mfongo Hauna Bosi? Kweli na Si Kweli Kuhusu Timu Zinazojiongoza

Kama umewahi kukaa na watu wa programu za kompyuta, iwe Moshi mjini, Dar es Salaam au Nairobi, habari hizi umezisikia. Kwamba siku hizi timu hazina bosi. Kwamba ukitaka kijana akeshe akiandika msimbo, mwekee bonasi. Kwamba ajaili (agile) ni jina la kistaarabu la kufanya kazi bila mpango. Nyingine husemwa na washauri wenye slaidi za kupendeza, nyingine na mameneja waliochoka, na zote husemwa kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia.

Tuzipime moja moja. Utafiti upo wa kutosha, tena wa miaka mingi. Ila kipimo changu cha kwanza kiko Old Moshi, kwenye njia za kupanda kuelekea Kidia na Tsuduni, ambako mitaro ya maji inakatiza ubavuni mwa Mlima Kilimanjaro katikati ya migomba. Wachagga wanauita mtaro huo mfongo. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 walikuta mifongo ikitiririka na wenyeji wakiiendesha wenyewe.

"Kujiongoza ni mambo ya Wazungu. Huku bila msimamizi kazi haiendi."

SI KWELI. Hii tunasemana wenyewe kwa wenyewe, tena kwa kicheko, na kuisikia Kilimanjaro ni kichekesho zaidi. Mfongo hauna mwajiri. Maji yanachukuliwa juu, kwenye korongo la mto, pale kwenye banio la mawe, matawi na udongo. Kutoka hapo yanaongozwa kwa mteremko mdogo sana, mara nyingine kilomita kadhaa, hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Waliopima mteremko huo hawakuwa na darubini ya upimaji. Palipokuwa na bonde dogo, walivusha maji kwa gogo lililochongwa katikati. Ukoo wa mwanzilishi ulikuwa na sauti kubwa, lakini watumiaji wote walihesabika: walikarabati pamoja, wakagawana zamu, wakaamua kesi zao. Maji ya usiku nayo hayakuachwa yapotee. Yalikusanywa bwawani, kwenye nduwa, yakafunguliwa asubuhi kwa wenye zamu.

Hata Ulaya wazo hili halikuzaliwa ofisini. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth wa Taasisi ya Tavistock, London, walichapisha utafiti kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza. Bamforth mwenyewe alikuwa ametokea mgodini. Waliona vikundi vidogo vilivyozoea kupangiana kazi vyenyewe chini ya ardhi vimevunjwa na utaratibu mpya wa mashine, kila mtu na kipande chake cha kazi. Matunda yake yakawa utoro, kulaumiana na uzalishaji wa kusuasua. Kwa hiyo wale watu 17 wa programu waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 na kuandika Ilani ya Ajaili hawakuvumbua kujiongoza. Walilifikisha kwenye kompyuta jambo ambalo wachimbaji na wakulima walikuwa wakiliishi.

"Timu inayojiongoza haihitaji kiongozi."

SI KWELI, na kwa maoni yangu hii ndiyo yenye madhara kuliko zote, maana inawapa mameneja wavivu kisingizio na wale wenye hofu sababu ya kukataa.

Skramu (scrum) ni mojawapo ya njia za ajaili. Jina lake lenyewe linatoka kwenye makala ya mwaka 1986 ya Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliochunguza namna kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox zilivyotengeneza bidhaa mpya. Walisifu timu zilizojipanga zenyewe. Lakini makala hiyohiyo inasema wakubwa hawakuondoka: walichagua watu kwa makini, walitoa lengo gumu, walifuatilia kwa mbali. Udhibiti ulikuwepo, ila haukupiga kelele.

J. Richard Hackman wa Harvard, aliyetumia maisha yake kuchunguza timu, alitenganisha mambo haya vizuri. Timu inayojisimamia inaamua namna ya kufanya kazi na inajipima yenyewe. Lakini inakoelekea, na nani awemo, kwa kawaida huamuliwa na aliye juu yake. Mwanafunzi wake wa zamani, Ruth Wageman, alizichunguza timu 43 za mafundi wa Xerox na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Namna timu ilivyoundwa tangu mwanzo ilikuwa na nguvu kuliko namna kiongozi alivyoifundisha baadaye. Timu iliyopangwa vizuri ilinufaika na kiongozi mzuri. Iliyopangwa ovyo haikuokolewa na semina.

Sasa mwangalie mzee anayesimamia mfongo. Haji kihambani kwako kukuonyesha mgomba upi uanze nao. Zamu yako ikifika unachukua jembe, unaziba tawi la jirani kwa udongo na majani ya mgomba, unafungua lako, na ndani ya kihamba chako wewe ndiye mwenye akili. Yeye anaangalia banio. Anajua zamu zote. Mtaro ukibomoka anaitisha watu.

Meneja wa timu ya programu naye ana banio lake. Ni lengo ambalo halibadilishwi kila Jumatatu. Ni mteja anayepokea simu. Ni seva inayowaka na ruhusa ya kuiingia inayopatikana siku hiyohiyo. Ni kumzuia mkurugenzi asipenyeze "kakitu kadogo ka haraka" katikati ya wiki. Ajabu ni kwamba wengi hufanya kinyume: banio limeziba, timu inasubiri neno la siri kwa wiki mbili, na meneja yuko kihambani anauliza kwa nini kitufe ni cha bluu.

Mwongozo rasmi wa skramu, katika toleo la 2020, unasema timu inajisimamia na kuamua nani afanye nini, lini na vipi. Unashauri timu iwe ya watu 10 au pungufu. Hata humo yumo mwenye bidhaa, mtu mmoja na si kamati, anayepanga kipi kitangulie. Kwa hiyo ukimwona mtu anakwambia skramu imefuta uongozi, muulize aliusoma mwongozo upi.

"Pesa ndiyo motisha. Weka bonasi uone."

NUSU KWELI.

Nusu iliyo kweli tuianze, kwa sababu inasahaulika haraka kwenye semina. Mtu anayewaza kodi ya nyumba na ada ya mtoto hana akili ya kutafuta hitilafu kwenye msimbo wa watu 5. Mshahara unaotosha, unaoingia tarehe yake, hauna mbadala. Hakuna fulana yenye nembo ya kampuni inayoziba pengo hilo.

Nusu isiyo kweli ni ile ya kudhani kwamba ukizidisha pesa, ubunifu nao unazidi. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Sam Glucksberg aliwapa watu fumbo la mshumaa: una mshumaa, boksi la pini na viberiti, ubandike mshumaa ukutani bila nta kudondokea meza. Jibu linahitaji uone kwamba boksi lenyewe ni rafu. Walioahidiwa pesa walichelewa, kwa wastani dakika tatu na nusu zaidi ya wasioahidiwa. Fumbo liliporahisishwa, pini zikatolewa nje ya boksi, wenye pesa wakashinda. Maana yake, pesa inakaza mwendo pale njia inapoonekana. Pale unapotakiwa kuitafuta njia, inabana macho.

Mwanasaikolojia mwenzake Edward Deci naye mwaka 1971 aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande. Waliokuwa wamelipwa kwa kila fumbo walipungukiwa na hamu ya kuyachezea walipoachwa peke yao. Mwaka 1999 Deci na wenzake wawili walijumlisha majaribio 128 ya namna hiyo, na zawadi iliyofungwa kwenye kazi ilizidi kuonekana ikipunguza hamu ya mtu mwenyewe. Deci na Richard Ryan wanasema mtu anasukumwa na mambo matatu: kuwa na uamuzi katika kazi yake, kuona anazidi kuiweza, na kuwa mmoja wa wenzake.

Mfano wa karibu ni programu iitwayo Ushahidi. Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo la kuweka taarifa za matukio kwenye ramani. David Kobia akaandika programu akiwa Marekani, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakashika mengine, na ndani ya siku chache ikawa hewani. Hakuna aliyekuwa ameahidiwa bonasi. Walijua wanachofanya na kwa ajili ya nani.

(Waajiri, msinukuu aya hiyo kwenye kikao cha mishahara. Wale walijitolea kwa siku za dharura. Hawakujitolea kwa miaka mitano ya kutengeneza mfumo wa stoo.)

Na ukilazimika kutoa bonasi, ipe timu nzima. Ukimpa mmoja kati ya sita kwa siri, kabla ya chakula cha mchana watano watakuwa wanajua kiasi.

"Anayeandika msimbo mwingi ndiye mchapakazi."

SI KWELI. Katika kampuni ya Apple, mwanzoni mwa 1982, mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa waliamua kila mhandisi ajaze fomu ya idadi ya mistari aliyoandika kwa wiki. Mmoja wa wahandisi hao, Bill Atkinson, alikuwa ametoka kuiandika upya sehemu moja ya programu ya michoro, ikawa na kasi mara kadhaa zaidi na fupi kuliko ya awali. Akajaza: -2000. Baada ya wiki chache hawakumletea fomu tena.

"Developa bora ndiye atakayekuwa kiongozi bora."

SI LAZIMA. Google walipochunguza mameneja wao katika mradi walioupa jina Oxygen, walipata tabia nane za meneja mzuri. Ujuzi wa kiufundi ulikuwemo, ukashika nafasi ya nane. Ya kwanza ilikuwa kuwa mlezi wa watu. Ukimtoa fundi wako hodari kwenye kazi anayoipenda na kumpa ripoti za mahudhurio, unaweza kupoteza fundi na usipate kiongozi.

"Kazi ikichelewa, ongeza watu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Methali ni KWELI. Matumizi yake hapa SI KWELI.

Fred Brooks aliongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo mkubwa wa IBM wa miaka ya 1960, na aliyoyaona aliyaweka kitabuni mwaka 1975: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa kunauchelewesha zaidi. Wapya wanahitaji kufundishwa, na wa kuwafundisha ni walewale waliozidiwa. Kisha hesabu ya kuelewana inapaa. Watu 5 wana jozi 10 za kuzungumza. Watu 10 wana jozi 45.

Mbona kwenye mfongo watu wengi wanasaidia? Kwa sababu kusafisha mtaro kunagawanyika kwa hatua: wewe kutoka jiwe hili mpaka mti ule, mimi kutoka mti ule mpaka kwenye kona, na udongo wako hausubiri udongo wangu. Vipande vya programu vimeshikana. Ukibadilisha namna jina la mteja linavyohifadhiwa, wanne wanahitaji kujua. Kazi ikiwa ya kugawanyika kweli, kama kuingiza data za zamani au kujaribu programu kwenye simu za aina 20, leta vidole vyote. Vinginevyo punguza kazi au sogeza tarehe, na useme hilo mapema kabla mteja hajakodi ukumbi wa uzinduzi.

"Ajaili ni kufanya kazi bila mpango wala nyaraka."

SI KWELI. Ilani ya 2001 inaweka kuitikia mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango, na programu inayofanya kazi mbele ya makaratasi mengi, kisha inasema wazi kwamba hivyo vya nyuma navyo vina thamani. Timu ya ajaili inapanga mara nyingi kuliko ya zamani, kila wiki moja au mbili, ila inapanga kidogo kidogo. Watu wa mfongo wanaelewa bila kufundishwa: zamu za kiangazi zinabanwa, masika yakishika hakuna anayezigombania, na hakuna anayeona aibu kwamba mpango umebadilika kwa sababu mvua imenyesha.

"Kikao cha asubuhi ni cha kuripoti kwa bosi."

SI KWELI, ingawa ukikitazama kwenye ofisi nyingi utaapa kuwa ndivyo. Watu saba wamesimama nusu duara. Kila anayesema anamwelekea meneja, anataja alichofanya jana, anamalizia na "sina kikwazo", kisha anarudi kwenye simu yake. Wenzake hawamsikilizi, na kwa nini wamsikilize? Hasemi nao.

Kikao hicho ni cha dakika 15 na ni cha watengenezaji wenyewe, wapangane kwa siku hiyo: nani amekwama, nani amsaidie, kipi kisogezwe. Jaribio lake ni rahisi. Meneja akisafiri kwenda Dodoma, kikao kinafanyika? Kama kinakufa siku hiyohiyo, kilikuwa cha kwake.

Dawa ndogo iliyo rahisi: meneja asimame nyuma ya wengine, na watu waielekee bodi ya kazi wakianzia kwenye kazi iliyo karibu kumalizika. Majina ya watu yafuate baadaye.

"Timu nzuri haina ugomvi. Wadogo wanawasikiliza wakubwa, kazi inakwenda."

SI KWELI, na hapa nitakaa kidogo, maana inagusa malezi yetu.

Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza vitengo vya hospitali nchini Marekani, alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alichogundua ni kwamba katika vitengo hivyo watu hawakuogopa kuyataja. Mwaka 1999 alichapisha utafiti mwingine wa timu 51 za kampuni moja ya viwanda: timu ambazo watu wake waliona ni salama kusema zilijifunza zaidi na zikafanya kazi vizuri zaidi. Google nao, walipochunguza timu zao zipatazo 180, usalama huo wa kusema ndio uliotokea juu ya mengine yote.

Sasa mlete kijana aliyetoka chuoni juzi. Asubuhi anawaamkia wakubwa, "Shikamoo kaka, shikamoo dada," na ni vyema. Saa nne anaona kwamba mfumo wa kaka unafuta sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu za wanachama. Anajua. Anameza mate. Kumkosoa kaka mbele ya watu si adabu, na kaka ndiye aliyemtafutia nafasi. Wiki tatu baadaye wanachama hawapati ujumbe, na wote wanasema, "Hatukujua." Mmoja alijua.

Je, tufute heshima? Hapana. Shikamoo haijawahi kuangusha seva. Kinachoiangusha ni kuchanganya heshima kwa mtu na kukubali kila anachosema. Kiongozi anaweza kuvitenganisha kwa mambo madogo. Wadogo waseme kwanza, mkubwa wa mwisho. Asiulize "Kuna swali?", kwa sababu jibu lake ni kimya. Aulize "Nini kinaweza kutuharibikia wiki hii?", na kila mtu ataje kimoja. Wazee wa baraza walilijua hili: mwenyekiti mzuri hutoa neno lake baada ya kusikia ya wengine, kwa sababu akitangulia yeye, kikao kimekwisha.

Na ile ya zamani, mficha maradhi kifo humuumbua? KWELI, kwa binadamu na kwa msimbo.

"Tukiaminiana, hatuhitaji sheria wala faini."

SI KWELI. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza watu wanaomiliki mali kwa pamoja bila serikali wala tajiri kuwashikia fimbo, wakiwemo wakulima wa mifereji ya Hispania na Ufilipino. Makundi yaliyodumu, mengine kwa karne nyingi, yalikuwa na sheria zilizotungwa na watumiaji, wasimamizi wanaowajibika kwao, na adhabu inayoanza ndogo na kupanda taratibu. Kwenye mfongo ni vilevile: asiyetokea siku ya ukarabati anatozwa, na akiwa sugu, maji yanamruka.

Timu ya programu nayo iandike zake, fupi, ukurasa usijae. Msimbo hauingii bila mwenzako kuusoma. Aliyevunja toleo anaacha mengine yote alirekebishe. Anayechelewa kikao ananunua chai. Muhimu ni kwamba sheria imetoka kwa timu. Ikitoka kwa ofisi ya utumishi, watu watatumia ubunifu wao wote kuikwepa.

"Ukishawaambia ni timu yao, wataiona yao."

SI KWELI. Kilimanjaro ina ushahidi wa maandishi.

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlimani waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Walikuwa na sababu zao: magonjwa na wadudu wa kahawa, soko, na walowezi ambao hawakufurahia kuona Mchagga analima kahawa kama wao. Baadaye serikali ya kikoloni ikasimamia muundo mpya, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika uliokuja kuwa na sifa kubwa Afrika nzima. Lakini ilipoamriwa kwamba kahawa yote lazima ipite kwenye vyama vyake, wapo waliokataa. Mwaka 1937 kulitokea ghasia, na maghala ya baadhi ya vyama yakavamiwa. Kahawa ilikuwa yao, jina lilisema ni lao, uamuzi haukuwa wao. Mwaka 1976 serikali huru nayo ilifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri, na katika miaka ya 1980 vikarudishwa.

Usidhani nasema ushirika umeshindwa. KNCU ipo hadi leo, na mjini Moshi kuna chuo kikuu kizima cha ushirika, kilichoanza kama chuo mwaka 1963. Nasema tofauti ya kushirikishwa na kuamriwa watu huiona haraka, hata ukiipaka rangi. Mkurugenzi anayetangaza "kuanzia Julai ninyi ni timu inayojiongoza", kisha yeye ndiye anayekadiria siku za kila kazi, anayechagua zana na anayepanga nani akae na nani, amebadilisha kibao cha mlangoni tu. Afadhali atoe uamuzi mmoja kwa ukweli, tuseme makadirio ya muda, aache timu ikosee na ijirekebishe, kisha aongeze wa pili.

Mfongo wenyewe tusiupambe kupita kiasi. Mitaro ya udongo inavujisha maji mengi njiani, na mingine imekauka kwa sababu vijana wa kuifukua wako mjini. Kujiongoza hakulindi chochote kisichokuwa na watu wa kukiongoza.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

KWELI KABISA, na ndiyo mbinu bora ya kumpokea developa mpya ninayoijua. Ofisi nyingi humfanya mgeni asome nyaraka mwezi mzima, mpaka anaanza kujiuliza alisomea nini. Mpe kazi ndogo ya kweli ndani ya wiki ya kwanza: neno lililokosewa kwenye ukurasa, ripoti inayopanga tarehe vibaya. Mkalishe karibu na mwenyeji anayeujua mfumo, wafanye pamoja, na kazi iende hewani mikononi mwa wateja kabla ya Ijumaa. Ataona njia nzima, kutoka ombi hadi mtumiaji, na ataona kwamba ameweza. Akivunja kitu, na atavunja, sheria ya timu inamhusu kama wengine: anaacha mengine, anarekebisha, mwenyeji akiwa pembeni. Na jembe lenyewe liandaliwe kabla hajafika. Kompyuta, akaunti na neno la siri vikianza kutafutwa siku ya tatu, methali haijakosea. Mwenyeji ndiye hakujiandaa.